Bafu moja, vyumba viwili: namna wanafunzi wanavyoishi pamoja katika switi

Watu wanaofanya kazi ya upatanishi wanajua kwamba ugomvi mkubwa huanzia kwenye jambo dogo: mfereji wa maji, mbuzi aliyeingia shambani, njia iliyofungwa na jirani. Katika makala hii tunaeleza mahali pengine ambapo ugomvi wa namna hiyo huzaliwa kila mwaka bila kukosa, nayo ni malazi ya wanafunzi wa chuo kikuu. Tutazungumza juu ya aina moja ya malazi inayopatikana sana Marekani, inayoitwa switi.

Huenda mtu akauliza: Marekani inatuhusu nini? Inawahusu wengi wetu kwa njia ya damu. Katika miaka ya 2010 maelfu mengi ya Wakongomani waliokuwa wakimbizi Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania walipelekwa kuishi Marekani, mpaka mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa kule mwezi wa Januari 2025. Watoto waliozaliwa Nyarugusu au Nakivale wamefikia umri wa kuingia chuo kikuu. Kijana wa namna hiyo anapopata nafasi, wazazi wake wanamwombea kwa ajili ya masomo na hesabu. Mara chache wanafikiri juu ya bafu. Lakini vijana wengi hushindwa kulala, hushindwa kusoma, na wengine huhama kabisa, si kwa sababu ya masomo bali kwa sababu ya watu walio nyuma ya mlango wa pili.

Switi ni nini?

Malazi mengi ya zamani ya vyuo vya Marekani yamejengwa kwa mtindo wa korido. Kuna njia ndefu katikati, vyumba vya watu wawili wawili kila upande, na mahali fulani kwenye korido kuna vyoo na mabafu ya ghorofa nzima. Switi ni tofauti. Ni kama nyumba ndogo ndani ya jengo kubwa: vyumba viwili au vitatu vya kulala vinavyoshirikiana choo na bafu, na mara nyingi sebule ndogo pia. Kwa kawaida wanakaa humo watu wanne mpaka sita. Kuna switi zisizo na sebule, ambapo bafu liko katikati ya vyumba viwili na kila upande una mlango wake wa kuingilia.

Switi kwa kawaida haina jiko. Wanafunzi wanalipia chakula cha mwaka na kula katika bwalo la chuo. Ndani wanaruhusiwa frigo ndogo na mashine ya kupashia chakula moto, basi. Jiko la umeme la kubebeka vyuo vingi vinalikataza kwa kuogopa moto. Kwa hiyo mtu aliyezoea bugali na sombe asitegemee kusonga humo. Na akileta makayabu kutoka nyumbani kwa shangazi, afikirie kwanza, maana sebule ni moja na hewa ni moja. Moshi kidogo tu ukifikia kile kifaa cha darini, king'ora kinalia na jengo zima linatoka nje, hata kama ni saa nane ya usiku na theluji inaanguka. Watu mia mbili waliosimama kwenye baridi wakiwa na nguo za kulalia hawasahau upesi ni switi gani iliyowatoa.

Je, ni bora kuliko korido? Miaka ya 1970 wataalamu wawili wa saikolojia, Andrew Baum na Stuart Valins, walilinganisha mitindo hiyo miwili katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Stony Brook. Katika korido, wanafunzi 34 walishirikiana bafu moja na sebule moja. Katika switi walikuwa 4 mpaka 6. Nafasi ambayo kila mtu aliipata haikuachana sana. Hata hivyo watu wa korido ndio waliosema wanasongamana. Kila walipotoka chumbani walikutana na watu wasiowajua vizuri, bila kupenda na bila kuweza kuzuia. Pole pole walijifunza kuwakwepa watu, hata walipokuwa mbali na malazi: wakiitwa kungoja katika chumba pamoja na mgeni, walikaa mbali zaidi naye kuliko walivyofanya wenzao wa switi. Watu wa switi walikuwa na kikundi kidogo walichokijua, na waliweza kuamua mambo pamoja.

Neno la kushika hapo ni kuamua. Watu huchoshwa na wingi wa wenzao hasa wanapokosa uwezo wa kupanga lini wakutane nao. Yeyote aliyekaa kambini, akipanga foleni ya maji na foleni ya choo pamoja na mamia ya watu, hahitaji profesa amweleze hilo.

Bafu lisilo na mwenyewe

Lakini switi ina shida yake, na ni shida inayostahili kuangaliwa vizuri. Katika korido, bafu la wote husafishwa na mfanyakazi wa chuo. Yeye ni mtu wa tatu. Anafika asubuhi, anasafisha uchafu wa kila mtu bila kuuliza ni wa nani, na ugomvi hauna mahali pa kukaa. Katika switi nyingi mfanyakazi huyo haingii, au anaingia mara chache sana. Wenyeji wa switi ndio wanaosafisha. Ndio pia wanaotafuta sabuni, brashi, na mara nyingine hata karatasi ya chooni.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Nani amenunua karatasi mara tatu mfululizo? Nywele zilizoziba mfereji ni za nani? Kwa nini mmoja anakaa bafuni dakika arobaini kila asubuhi wakati wengine wana darasa la saa mbili? Chumba cha kulala kina mwenyewe, na korido ni ya chuo. Bafu la switi liko katikati, ni la wote, na kwa sababu hiyo linaweza kuwa si la mtu. Wasomaji wetu wanaofanya kazi katika vijiji wanakijua kisima cha namna hiyo: kila mtu anateka, pampu ikiharibika kila mtu anamtazama mwenzake.

Tuchukue mfano wa kuwaza. Wasichana wanne wanaingia switi moja mwezi wa Agosti. Mmoja amekulia katika familia ya Kikongomani ya watoto saba, amezoea kulala watatu kitandani. Watatu wengine wamekua kila mmoja na chumba chake, na hawajawahi kugawana bafu na mtu asiye ndugu. Mngefikiri huyo wa kwanza ndiye mwenye ujuzi wa kuishi na watu. Ni kweli, lakini ujuzi wake una sheria nyingine. Kwao, sabuni iliyo bafuni ni sabuni ya nyumba. Anaitumia. Mwenye sabuni anaona amechukuliwa kitu chake bila ruhusa. Kwao, mtu anayeingia anasalimia. Mwenzake anaingia na vifaa vya muziki masikioni, anapita moja kwa moja chumbani na kufunga mlango. Huyu wa kwanza anaona amedharauliwa, kumbe mwenzake anadhani amempa heshima ya kumwacha asome. Jumamosi binamu anakuja kutembea na kubaki mpaka Jumatano. Nyumbani hilo ni jambo la furaha. Katika switi kuna sheria ya wageni: siku mbili au tatu tu, na wenzako wakubali kwanza.

Hakuna mwovu katika mfano huo. Kila mmoja ana sheria nzuri, na kila mmoja anadhani sheria yake ni ya dunia nzima. Kufikia mwezi wa Oktoba wasichana watatu wamefungua mazungumzo yao ya simu bila wa nne. Karatasi imebandikwa kwenye kioo cha bafu: «Tafadhali ondoa nywele zako.» Haina jina la aliyeandika wala la anayeandikiwa, na wote wanajua. Karatasi za namna hiyo ni mbaya kuliko maneno makali, kwa maoni yetu, kwa sababu haziwezi kujibiwa.

Mapatano ya kukaa pamoja

Vyuo vingi vya Marekani vimejibu shida hii kwa chombo ambacho wapatanishi wetu watakitambua mara moja: mkataba ulioandikwa. Katika wiki za kwanza wenyeji wa switi wanapewa karatasi ya maswali, wanakaa chini, wanajibu pamoja na kutia sahihi. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Taa izimwe saa ngapi? Nani anasafisha bafu, na siku gani? Chakula kilicho katika frigo ni cha wote au kila mtu na chake? Ni vitu gani mtu anaweza kuazima bila kuuliza, na vipi haviguswi kamwe? Mgeni alale mara ngapi? Muziki, sala, simu ya usiku kwa wazazi walio upande mwingine wa dunia, ambako ni asubuhi: yote yanawekwa mezani.

Swali lililo muhimu kuliko yote mara nyingi huwa la mwisho, na wanafunzi hulijaza haraka wakitaka kwenda kula: nikikukosea, ungependa uniambie namna gani? Uso kwa uso? Kwa ujumbe wa simu? Mara moja, au hasira ikisha kupoa? Switi inayolijibu swali hilo kwa kweli inaweza kuwa na majibu mabaya katika maswali mengine yote na bado ikasimama.

Udhaifu wa karatasi hiyo unajulikana. Inaandikwa wakati kila mtu bado anajionyesha mwema. Msichana wetu wa mfano anaulizwa kama wageni wanamsumbua, anasema hapana, kwa adabu, maana kwao huwezi kukataa mgeni. Yule mwingine anaulizwa kama anajali kelele, anasema hajali kitu, kwa kutaka kupendwa. Wote wawili wametia sahihi jambo wasilolimaanisha. Wale waliokaa katika meza za mapatano ya amani ya nchi yetu wamewahi kuona sahihi za namna hiyo. Ndiyo maana vyuo vyenye uangalifu vinairudia karatasi baada ya wiki kadhaa, au pale ugomvi wa kwanza unapotokea. Karatasi ya pili huwa fupi na ya kweli zaidi. Inasema: bafu ni Jumapili jioni, kwa zamu, jina la kila mtu limeandikwa.

Mlezi wa ghorofa

Kwenye kila ghorofa anakaa mwanafunzi wa miaka ya juu aliyefunzwa kwa kazi hii. Tutamwita mlezi wa ghorofa. Mara nyingi analipwa kwa kupewa chumba bure, na pengine chakula. Si askari, ingawa sheria za jengo ndiye anayezisimamia, na hapo pana ugumu: mtu huyo huyo anayekuja kusikiliza ugomvi wako ndiye anayepaswa kuandika ripoti akikuta jiko la umeme chini ya kitanda chako.

Wanafunzi wanapomwita, mlezi mwema hafanyi haraka kuamua nani ana haki. Kwanza anauliza kama mmezungumza ninyi wenyewe. Kama bado, anawarudisha mkazungumze, na yuko tayari kumsaidia mwoga apange maneno yake. Kama mmezungumza mkashindwa, anawakalisha pamoja na ile karatasi, kila mmoja anasema bila kukatizwa, na mapatano yanaandikwa upya. Kuhamishwa ni njia ya mwisho. Vyuo vingi hata havipokei maombi ya kuhama katika wiki mbili au tatu za kwanza, kusudi hasira ya siku za mwanzo isiamue mwaka mzima.

Vijana wetu wengi hawamwendei mlezi. Wanaona ni kumshitaki mwenzao, na mtu anayepeleka mambo ya nyumba nje ni mtu mbaya. Inabidi wajue kwamba katika desturi ile kukaa kimya kunahesabiwa kuwa ni kukubali. Anayevumilia miezi mitatu halafu akalipuka siku moja, yeye ndiye anayeonekana ameanzisha vita, kwa sababu wenzake hawakujua kamwe kwamba palikuwa na jambo. Na mlipuko huo unaweza kumgharimu. Mkataba wa malazi kwa kawaida ni wa mwaka mzima wa masomo, na anayeuvunja hulipa.

Je, kukaa pamoja kunaondoa chuki?

Hili ndilo swali linalotuhusu kama watu wa amani. Mwaka 1954 Gordon Allport, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kwamba watu wa makundi mawili kukutana tu hakutoshi. Wanapaswa kuwa sawa katika cheo pale wanapokutana, wawe na lengo moja, walifanyie kazi pamoja, na wenye mamlaka waonyeshe wazi kwamba wanautaka umoja huo. Switi ina baadhi ya hayo tangu mwanzo: wote ni wanafunzi, kitanda ni kile kile, kodi ni ile ile, na bafu ni kazi ya pamoja, mtu apende asipende.

Mwaka 2008 Natalie Shook na Russell Fazio walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya wanafunzi Wazungu wa mwaka wa kwanza waliopangiwa chumba na mwenzao Mzungu au Mmarekani Mweusi bila wao kuchagua. Wale waliokaa na mwenzao Mweusi walisema hawakuridhika sana na maisha ya chumbani, na walishirikiana kidogo kuliko vyumba vya Wazungu wawili. Tungesema basi jaribio limeshindwa. Lakini walipopimwa upya mwishoni mwa muhula, hofu yao mbele ya watu Weusi ilikuwa imepungua, na hata ile chuki ya ndani inayotoka bila mtu kufikiri ilikuwa imeshuka. Wengine hawakuwa marafiki, na bado kitu kilikuwa kimebadilika ndani yao.

Matokeo hayo yanatupa moyo kwa sababu ni ya kawaida tu. Miradi mingi ya amani inapenda picha za watu wanaokumbatiana. Hapa tunaona watu wasiofurahiana sana, waliogombea taa na dirisha, wakitoka na hofu ndogo kuliko waliyoingia nayo. Chuo Kikuu cha Duke kilitangaza mwaka 2018 kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawatachagua tena mwenzao wa chumba. Chuo ndicho kitakachowapangia. Wanafunzi walikuwa wameanza kutafutana kwenye intaneti kabla ya kufika, na mtu hutafuta anayefanana naye.

Kupanga watu bila kuwapa mlezi wala karatasi ni jambo lingine. Hapo mnyonge ndiye anayeumia: mmoja wa kabila lake, wa dini yake au wa rangi yake kati ya watatu. Chuo kinachochanganya wanafunzi kina deni la kuwafuata mpaka bafuni.

Upande wetu

Nchini Kongo malazi ya wanafunzi tunayaita ma-home, na switi ni ndoto. Shida ya Chuo Kikuu cha Kinshasa inajulikana: vyumba ni vichache, wanafunzi ni wengi, na wasio na chumba wanalala kwa marafiki kwa kujificha. Wanaitwa «maquisards», yaani watu wa msituni. Kitanda cha mmoja kinakuwa cha watatu, na hakuna karatasi inayoweza kutaja haki za mtu ambaye kwa sheria hayupo. Januari 2020, baada ya maandamano juu ya karo yaliyoleta vurugu na vifo, serikali iliamuru wanafunzi waondoke katika malazi ya chuo hicho.

Lubumbashi ina kumbukumbu nzito zaidi. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika malazi yao, baada ya siku ambazo wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakitafutana nani ni mpelelezi wa utawala. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Hakuna mapatano ya bafu ambayo yangezuia jambo hilo. Lakini kila aliyeishi katika home anajua tofauti kati ya ghorofa ambayo watu wanajuana kwa majina na ghorofa ambayo wanajuana kwa mkoa.

Mlezi wa ghorofa hahitaji fedha nyingi. Karatasi ya mapatano inahitaji kalamu. Kamati za wanafunzi zinazotaka kujaribu zinaweza kuanza na chumba kimoja, na waandike pia jina la maquisard, kwa maana naye anaoga.

Kwa kijana anayekwenda kule

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa malazi, uliza switi ina watu wangapi, nani anasafisha bafu, na sheria ya wageni ni ipi. Uliza pia juu ya likizo ya Desemba, jambo linalowashitusha wengi. Majengo mengi hufungwa kwa wiki kadhaa, na mwanafunzi ambaye wazazi wake wako Kampala au Uvira hana pa kwenda. Vyuo vingi vina mpango kwa watu wa namna hiyo, lakini lazima uombe mapema, mara nyingi tangu Novemba. Usingoje wenzako waanze kufunga mizigo. Na kama utapewa ruhusa ya kubaki katika switi peke yako, mwulize kila mmoja kabla hajaondoka ni kitu gani katika frigo unaweza kula.